Sayansi za jamii si kimbilio la wanaohofia hesabu

Ni kauli ambayo mwalimu yeyote ameisikia, na pengine kuitamka mwenyewe: "Huyu hesabu zimemshinda, mwacheni aende sayansi za jamii." Mwaka 2025, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi lilipotakiwa kuchagua mikondo ya Sekondari Pevu, kauli hiyo ilipata nguvu mpya. Wizara ya Elimu ilikuwa imekwisha kueleza matarajio yake: asilimia 60 ya wanafunzi wafuate sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; asilimia 25 wafuate sayansi za jamii; na asilimia 15 waende katika sanaa na michezo.

Sina ugomvi na mgao huo. Nchi inahitaji wahandisi na madaktari. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba ile robo ya sayansi za jamii ni kapu la kutupia makombo. Dhana hiyo humwumiza mwanafunzi mara mbili: kwanza humfanya adharau anachokisoma, kisha humfanya akisome ovyo.

Hebu tuanzie Nyatike, katika Kaunti ya Migori, ambako dhahabu ya Macalder imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuinasa dhahabu hiyo. Mwanakemia atatueleza vizuri jinsi zebaki inavyogeuka mvuke na kumdhuru anayeivuta. Lakini kwa nini mchimbaji aliyekwisha kuonywa huendelea kuitumia? Ni nani hupanga bei? Mama anayeosha udongo uliosagwa hupata fungu gani? Na pesa za dhahabu huenda wapi zikishapatikana? Maswali haya hayajibiwi katika maabara.

Swali hilo la mwisho lilishughulikiwa na mwanaanthropolojia wa Marekani, Parker Shipton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wajaluo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Aliandika kuhusu pesa makech, yaani pesa chungu: pesa zilizotokana na kuuza ardhi ya ukoo, dhahabu, tumbaku au bangi, ambazo watu waliona haifai kuzitumia kununulia mifugo ya mahari, zisije zikaleta maafa nyumbani. Afisa wa mikopo asiyelijua jambo hilo angeweza kuwaita wanavijiji wabadhirifu. Aliyelijua angetambua kwamba watu hao wana hesabu zao, ila hazijaandikwa katika daftari la benki.

Mgeni huyo alilipata hilo kwa kukaa na watu na kuyatilia maanani maneno yao. Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo katika Homa Bay ya leo, alichapisha kwa Kijaluo kitabu cha mila na desturi za Wajaluo, ambacho watafiti wangali wanakirejelea. Elimu hii basi haikuletwa kwetu na meli. Ilikuwapo barazani, ikingoja mwenye subira ya kusikiliza na kuandika.

Je, sisi tunaofundisha leo tunawapa wanafunzi subira hiyo? Naogopa kwamba mara nyingi hatuwapi. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia, aliyezaliwa na kulelewa ufuoni mwa ziwa huko Homa Bay, aliniletea hojaji ya maswali arobaini, yote kwa Kiingereza. Alikusudia kuwauliza wanawake wachuuzi wa samaki kuhusu jaboya, neno ambalo katika ripoti nyingi hutumiwa kumaanisha mpango wa mwanamke kujitoa kimwili kwa mvuvi ili apate samaki. Swali lake lilikuwa: "Je, unashiriki katika jaboya? Ndiyo au La."

Nikamwuliza neno hilo hutumiwaje kwao nyumbani. Alinyamaza, kisha akacheka. Katika Kijaluo, kiambishi ja- humtaja mtu: japuonj ni mwalimu, jalupo ni mvuvi. Hata jaboya, kwa umbo lake, ni mtu; ni mhusika mmoja katika uhusiano wa biashara, na uhusiano huo huweza kuwa na mengi ndani yake: mkopo, ahadi, shinikizo, hata mapenzi. Swali lake lilikuwa limemgeuza mtu kuwa kitendo, kisha likamtaka mama mzima akiri kitendo hicho mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Ni nani angemjibu "Ndiyo"?

Alirudi ufuoni na maswali sita tu, kwa Kijaluo, na akakaa pale samaki wanapopimwa. Safari hii aliniletea habari za madeni: nani alimkopesha nani nyavu, nani alilipia petroli ya mashua, na kwa sababu hiyo nani alihudumiwa kwanza samaki walipokuwa haba. Ndipo alipoanza kuhesabu, kwa kuwa sasa alijua cha kuhesabu. Na hapo hesabu alizokuwa akizikimbia zilimdai kwelikweli, kwani asiyezijua takwimu hawezi kutofautisha jambo la kawaida na la bahati nasibu.

Hilo ndilo ninalotaka walimu wenzangu walitie moyoni. Sayansi za jamii humjenga mtafiti pale tu zinapomfundisha mambo mawili kwa pamoja: kusikiliza kabla ya kuhesabu, na kuhesabu baada ya kusikiliza. Akipewa moja bila jingine, atatoka na cheti kitupu.

Watauliza wazazi: elimu hiyo italeta mkate? Swali lao ni la haki. Wapo mahafali wengi waliokaa nyumbani na vyeti vyao kabatini, na haifai kuwadanganya vijana. Lakini tazameni kazi zenyewe. Tangu mwaka 2013 tunazo serikali za kaunti, na Katiba ya 2010 inadai umma ushirikishwe katika maamuzi. Anayeendesha kikao cha bajeti hapa Migori, penye Wajaluo, Wakuria, Wasuba na wengine wengi, asipojua nani amenyamaza na kwa nini, atapeleka ripoti ya uongo bila kukusudia. Hospitali, vyama vya ushirika, mashirika ya misaada na vyombo vya habari pia vinahitaji mtu anayeweza kuuliza bila kudhalilisha, kutunza siri aliyoambiwa na kuandika ripoti inayosomeka. Mwenye ujuzi huo hushindana. Mwenye hojaji ya kunakili hana la kuonyesha.

Homa Bay ina chuo kikuu kinachoitwa kwa jina la Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga mwaka 1969. Kijana huyo alisomea ukaguzi wa afya na kuajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Harakati zake za vyama vya wafanyakazi zilimpeleka Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, na mwaka 1956 akachapisha kijitabu kuhusu suala la Kenya. Baadaye, akiwa waziri, alikuwa nguzo ya ile Hati ya Bunge Namba 10 ya mwaka 1965 kuhusu uchumi wa nchi. Hatuwezi kusema mwaka mmoja wa masomo ndio uliomfanya Mboya. Twaweza kusema kwamba aliyaendea masomo akiwa na maswali aliyoyatoa kazini, naye akarudi nayo kazini.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, kusiwe na mwanafunzi atakayeruhusiwa kwenda nyanjani kabla hojaji yake haijajaribiwa katika lugha ya wale atakaowauliza, iwe Kijaluo, Igikuria au Olusuba, ambayo wazee wa Mfangano wanaihofia isiwafie mikononi. Pili, matokeo yarudishwe barazani na kusomwa mbele ya waliotoa habari, wapate kuyasahihisha. Tasnifu inayoishia katika rafu ya maktaba ni deni lisilolipwa. Tatu, walimu wa sekondari wawatume wanafunzi nje ya darasa. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, ziko papa hapa Migori. Kuna watoto wa jirani wanaozijua kwa picha ya kitabuni tu.

Nawe mwanafunzi, ukiuchagua mkondo huu, uchague kwa sababu una swali linalokunyima usingizi kuhusu watu wa kwenu, usiuchague kwa kuikimbia hisabati. Huko mbele utaikuta inakungoja.