Oktani Sio Cheo, Wasee

Kuna tabia imeingia huku mitandaoni na lazima mtu aiseme. Msee ana Vitz ya 1,000cc, anajirekodi kwa pampu akiweka V-Power, halafu anaandika "ndai yangu haikuli uchafu." Komenti zote ni moto. Yule wa super ya kawaida anaonekana kama hajipendi.

Wasee, oktani sio cheo. Hata sio nguvu. Hiyo namba inapima kitu kimoja tu: mafuta yanavumilia kubanwa kiasi gani kabla yajilipukie yenyewe, badala ya kungoja moto wa plagi. Yakijilipukia, unaskia injini inagonga, na pistoni zinaumia polepole. Injini za turbo, na zile zinabana sana, zinataka mafuta mavumilivu. Vitz yako haibani hivyo.

Ndai zetu nyingi zimetumika kwanza Japani. Huko petroli ya kawaida inatakiwa iwe na oktani 89 kwenda juu, na ndiyo Vitz na Fielder ziliundiwa. Super yetu haiko chini ya hapo. Sasa hiyo pesa ya ziada inakununulia nini?

Chama cha wenye magari Marekani, AAA, kilipima hii stori 2016. Gari zilizoundiwa petroli ya kawaida zikawekwa ya oktani ya juu. Hazikupata faida ya maana, si kwa nguvu, si kwa matumizi ya mafuta.

Na kama uko Nairobi, uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo presha ndani ya injini isiyo na turbo inashuka. Unahitaji oktani kidogo kuliko msee wa Mombasa, na bado ni wewe unaringa!

Piga hesabu. Tuseme tofauti ni mbao kwa lita. Dereva wa teksi za apu anachoma lita 10 kwa siku, hiyo ni mia mbili imeenda, na hakuna mteja atamwongezea hata bob. Akiendesha siku 25 kwa mwezi, mwaka ukiisha ni 60,000.

Najua mtasema ina dawa ya kusafisha injini. Sawa, dawa ipo. Lakini dawa sio oktani, na haitakuokoa kama oili hujabadilisha tangu mwaka jana.

Nyinyi wa Golf GTI na Subaru za turbo, msicheke. Mnadanganyana upande ule mwingine. Ukiiwekea mafuta ya chini kuliko inavyotaka, kompyuta ya gari inachelewesha moto wa plagi ili ijiokoe, na unapoteza zile nguvu ulilipia. Kama huwezi mafuta yake, hukuwa umeweza hiyo gari.

Fungua kifuniko cha tangi, usome stika. Kama ni ya Kijapani, elekeza kamera ya simu itafsiri. Na ukiona video ya Wamarekani wakisema 87, tulia: wao wanapima tofauti, hiyo ni kama 91 au 92 kwa kipimo chetu.

Weka kile gari yako imeandikiwa. Wale wa komenti hawakuchangii mafuta.