Usimwambie achague, mwambie asome mkataba

Wasee, kila mara mtoto wa miaka 17 akikimbia mita 100 kwa muda wa kutisha, sisi hugawanyika timu mbili. Timu ya wazazi na walimu inasema, "Soma kwanza, mbio hazitoroki." Timu yetu sisi vijana inajibu, "Digrii ya nini? Chukua doo uomoke, shule utaikuta palepale." Mimi nasema timu zote mbili zinachoma, na hiyo kelele yetu haimsaidii yule mtoto hata kidogo.

Nianze na wazazi, kwa heshima. Eti mbio hazitoroki? Labda za marathon. Eliud Kipchoge aliweka rekodi Berlin mwaka 2022 akiwa na miaka 37. Mbio fupi ni stori ingine. Usain Bolt alikimbia 9.58 akiwa na miaka 22, na aliaga London 2017 kabla hajafikisha 31, msuli ukimkamata katikati ya mbio za kupokezana vijiti. Huyo ni Bolt! Mwili wa sprinta ni kama mandazi ya asubuhi, ukichelewa unakuta sahani tupu.

Halafu wazazi, hamtuambii chuo chenyewe kilikuwa kinafanya nini. Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani viliwapa wanariadha skolashipu, lakini sheria za NCAA ziliwakataza kupata pesa kwa jina lao wenyewe. Edwin Cheserek wetu alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Chuo kilipata sifa, yeye akapata karo na chakula. Si kidogo, sikatai. Lakini "soma kwanza" wakati huo ilimaanisha pia "tutafutie jina kwanza, yako baadaye". Mlango huo ulifunguliwa Julai 2021 tu.

Sasa nije kwetu vijana, msinitoroke. Candace Hill alikuwa na miaka 16 mwezi Juni 2015 alipokimbia 10.98, msichana wa kwanza wa shule ya upili Marekani kushuka chini ya sekunde 11. Kabla mwaka uishe alikuwa ametia sahihi mkataba wa miaka 10 na ASICS. Kila mtu alimwona tayari malkia wa dunia. Haya, nitajie fainali ya Olimpiki ya mita 100 uliyomwona akikimbia peke yake, bila kijiti. Hakuna. Sisemi alikosea. Nasema kipaji cha miaka 16 ni ahadi, na ahadi si M-Pesa. Lakini angalia alichofanya: mkataba wake ulibeba karo ya chuo. Mbio zikienda vizuri, sawa. Zikikataa, bado kuna darasa linamngoja na limeshalipiwa.

Na hakuwa wa kwanza. Allyson Felix aliingia Adidas mwaka 2003, akiwa na miaka 17, moja kwa moja kutoka shule ya upili. Kampuni ilimlipia karo Chuo Kikuu cha Southern California. Athens 2004 alichukua fedha ya mita 200 akiwa na miaka 18, na masomo ya ualimu akayamaliza. Alistaafu na medali 11 za Olimpiki, 7 za dhahabu. Kwa hivyo huo ubishi wetu wa chuo ama pesa, Felix aliumaliza zaidi ya miaka 20 iliyopita kwa laini moja kwenye karatasi!

Ndio maana swali la "achague nini" linanikera. Anayelipenda hilo swali ni anayetaka kulipa kidogo. Kampuni ikisikia kijana ana haraka ya kuomoka, haitamkumbusha karo. Meneja naye anakula asilimia ya pesa ya mbio, hapati kitu kijana akifuzu mtihani. Mwaka 2019 Felix huyohuyo aliambia dunia kwamba Nike walitaka kumlipa pungufu kwa asilimia 70 baada ya kupata mimba. Kama bingwa wa Olimpiki alifanyiwa hivyo, wewe wa miaka 17 unayesaini ukitetemeka kwa furaha utafanyiwa nini?

Kuna msee ataniambia masomo yanaua kasi. Hizo ni stori za jaba. Ferdinand Omanyala alipitia Chuo Kikuu cha Nairobi, akisoma kemia, na Septemba 2021 akakimbia 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika. Kemia haikumng'ata mguu.

Kwetu, kijana mwenye kasi huambiwa angojee kuandikwa polisi ama jeshi. Ni kazi ya heshima, mshahara unaingia. Lakini pia tunakubali kwamba mbio peke yake haziaminiki, halafu tunaiachia serikali ibebe mzigo ambao mwenye kuuza viatu angebeba bila jasho.

Kwa hivyo mzazi, usitie sahihi kabla ya kuona haya. Moja, karo ya chuo iandikwe, na ilipwe hata kijana akiumia. Mbili, ijulikane pesa inapunguzwa lini na kwa sababu gani. Tatu, wakili awe wako, si yule aliyeletwa na meneja.

Kampuni ikikataa karo? Asante, kwaheri. Yenyewe imeshakuambia inadhani utadumu muda gani. Nenda chuo, juu siku hizi mwanariadha anaruhusiwa kula jina lake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kumlipa. Mkenya tu achunge, visa ya mwanafunzi ina masharti yake kuhusu kazi, ayasome kabla ya kupanda ndege.

Mbio za mita 100 huisha kwa sekunde 10. Kusoma mkataba huchukua siku nzima. Tafadhali, hiyo siku moja msimharakishe mtoto.