BARAFU SI YA KUTAFUNWA

Mafia ni kisiwa cha nazi na samaki, na samaki hawasafiri salama bila barafu. Kwa hiyo si ajabu, jua linapowaka pale Kilindoni, mfanyakazi kuchukua kipande sandukuni akakitafuna kama karanga. Watoto nao huvunja barafu za ukwaju na ubuyu kwa magego badala ya kuzifyonza. Jambo hili laonekana dogo. Sisi twasema si dogo.

Gamba la nje la jino, ambalo wataalamu huliita enameli, ni gumu kuliko kitu chochote mwilini mwa binadamu. Lakini likivunjika halioti tena. Barafu hulitia nyufa, na baridi hiyo ikifuatwa na chai ya moto, nyufa huzidi. Mwisho wake jino hukatika, au lililozibwa huzibuka, na maumivu humnyima mtu usingizi na kazi. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta huu, ndugu zetu, mwili hauwezi kuujenga mara ya pili.

Tena liko kubwa zaidi. Mtu atamaniye kutafuna barafu kila siku, asiweze kujizuia, huenda amepungukiwa na damu kwa kukosa madini ya chuma. Hamu hiyo ni jamaa ya hamu ya udongo waijuayo mama zetu wajawazito. Uchunguzi uliofanywa Pemba na kutangazwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wajawazito wenye hamu ya udongo na mchele mbichi walielekea zaidi kuwa na upungufu wa damu. Na safura, mnyoo anyonyaye damu, ni adui wa zamani wa pwani yetu. Mtu wa namna hiyo asichekwe wala asikemewe. Aende Hospitali ya Wilaya, Kilindoni, akapimwe damu.

Basi barafu ya sandukuni, iliyokwisha kuguswa na samaki na mikono mingi, iachiwe samaki. Mwenye kiu anywe maji. Na hapa twageukia wenye kazi: mfanyakazi aliyewekewa maji safi ya kunywa hana haja ya kutafuna barafu. Kumwekea maji hayo si hisani, ni wajibu.