Leza ya macho: Dai vipimo kabla ya kuiaga miwani

Matangazo ya upasuaji wa macho kwa miale ya leza yamekithiri mijini, na takriban yote huimba wimbo mmoja: tupa miwani yako, hutaihitaji tena. Anayeyasoma ni mwalimu aliyechoka kupangusa vumbi la chaki kwenye vioo, au mwanachuo anayeona haya kuitwa "macho manne". Wote wawili hudhani kwamba kinachowazuia ni pesa tu. Maoni yangu ni kwamba pesa ni jambo la mwisho katika uamuzi huu. La kwanza ni vipimo, na mgonjwa ana haki ya kuvidai, kuelezwa maana yake na kukabidhiwa kwa maandishi kabla ya mtu yeyote kuligusa jicho lake.

Sisemi haya kwa kuupinga upasuaji wenyewe. Nilifanyiwa nikiwa na umri wa miaka 37, baada ya kuvaa miwani tangu kidato cha pili, na lau ningerudishwa nyuma leo ningeamua vivyo hivyo. Lakini wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kilichoondolewa na leza hakirudi, na hakuna duka kinakouzwa.

Tuanze basi na hicho kinachoondolewa. Mbele ya mboni kuna utando mwangavu uitwao konea. Huo ndio dirisha la nuru, na ndio ufanyao sehemu kubwa ya kazi ya kuipinda miale ili ikutane sawasawa juu ya retina, nyuma ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, aghalabu jicho limerefuka kupita kiasi, hivyo miale hukutana kabla ya kuifikia retina. Ndiyo sababu maandishi ya ubaoni humwonekea kama yaliyorowa maji. Leza hailifupishi jicho. Huichonga konea katikati iwe bapa kidogo zaidi, ili miale isogee nyuma na kutua panapostahili.

Ujuzi huu haukuzuka kwa pupa. Mnamo Novemba 1981, Rangaswamy Srinivasan, mwanasayansi wa kampuni ya IBM katika jimbo la New York, alichukua mabaki ya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani akayaelekezea leza iitwayo eksima. Miale hiyo ilichonga alama safi bila kuiunguza nyama ya kando. Daktari wa macho Stephen Trokel akang'amua faida yake kwa konea, na mwaka wa 1983 akachapisha pamoja na Srinivasan matokeo ya majaribio juu ya macho ya wanyama. Mwaka wa 1988 Dkt Marguerite McDonald akaitumia kurekebisha jicho la binadamu, na mwaka wa 1995 serikali ya Marekani ikaidhinisha matumizi yake. Tangu bata mzinga hadi idhini ilipita miaka 14 ya kupima na kupima tena. Iweje basi mgonjwa wa leo aambiwe kwamba bei nafuu inakwisha Ijumaa?

Walimu wenzangu wa hisabati watanipa ruhusa nipige hesabu ndogo. Konea ya mtu mzima ina unene uzidio nusu milimita kidogo tu. Tuseme ni maikromita 530, ambapo maikromita 1,000 ni sawa na milimita moja. Katika njia iliyozoeleka zaidi, daktari kwanza hukata tabaka jembamba la juu, kiasi cha maikromita 110, akalifunua kama ukurasa wa kitabu. Kisha leza huchonga chini yake takriban maikromita 15 kwa kila daiopta moja ya nguvu ya miwani. Mwenye miwani ya daiopta 4 huchongwa maikromita 60. Ukitoa 110 na 60 katika 530, hubaki 360. Madaktari wengi hushikilia kwamba chini ya tabaka lile pasibaki pungufu ya maikromita 250, na wengine hutaka zaidi. Kwa kigezo hiki, mtu huyo yu salama.

Sasa mchukue mwenye konea ya maikromita 470 na miwani ya daiopta 8. Toa 110, kisha toa 120, hubaki 240. Huyu, hata akija na gunia la noti, hafai kwa njia hiyo. Huenda daktari akampa shauri la njia ya pili isiyokata tabaka, ambapo ngozi laini ya juu ya konea huondolewa na leza kuchonga papo hapo. Njia hiyo huokoa unene, ila maumivu yake huchukua siku kadhaa na uoni hurejea polepole. Au huenda akaambiwa kwamba miwani yake ndiyo dawa bora. Jibu hilo si tusi bali ni huduma. Hospitali isiyowahi kumwambia mgonjwa yeyote "hapana" ni ya kuogopwa kuliko leza yenyewe.

Wala unene peke yake hautoshi. Kuna konea ambazo ni dhaifu na huanza kuchongoka kama pia. Zikichongwa huzidi kulegea, na mtu aliyekuwa akiona vizuri kwa miwani akajikuta haoni vizuri hata nayo. Udhaifu huu haujulikani kwa kumtazama mtu usoni; hujulikana kwa mashine inayochora ramani ya konea. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Maradhi ya mzio wa macho, yale yanayomfanya mtoto ayafikiche macho kutwa kucha, ni ya kawaida miongoni mwa watoto wa Afrika Mashariki, na kuyafikicha macho kwa miaka mingi huhusishwa na kuchongoka kwa konea. Mwalimu amwonaye mwanafunzi akifikicha macho darasani asidhani ni usingizi tu. Ampeleke akatibiwe muwasho huo mapema.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni anasa, na kwamba mtu aliyeumbwa na macho mabovu aridhike na vioo. Sikubaliani nao. Mtu anayeendesha pikipiki katika mvua, mwuguzi ambaye vioo vyake hufukiwa na mvuke wa barakoa, mwalimu wa michezo ambaye hana macho mara miwani inapoanguka: hawa hawatafuti urembo. Wanatafuta wepesi wa kufanya kazi. Hata anayetaka kuivua miwani kwa sababu ya sura yake tu ana haki ya kufanya hivyo, maadamu konea yake inakubali. Tusimwulize kwa nini anataka. Tumwulize kama anajua atakachopata na atakachopoteza.

Mimi nilianzia kwa mtoa huduma mmoja aliyenipa punguzo la bei kabla ya kuniuliza umri wangu. Nilitoka nikaenda kwingine. Huko nilikohamia niliulizwa maswali mengi: je, nguvu ya miwani yangu ilikuwa imebadilika katika mwaka uliopita? Nina kisukari? Macho yangu hukauka? Nani katika ukoo wetu aliwahi kupofuka? Mwanamke mmoja tuliyeketi naye kwenye benchi aliambiwa angoje amalize kunyonyesha, kwa kuwa ujauzito na kunyonyesha huweza kubadilisha uoni kwa muda. Mwingine aliyezoea lenzi za kuvaa ndani ya jicho aliambiwa aache kuzivaa wiki mbili ndipo arudi kupimwa, kwani lenzi hizo huiminya konea na kulipotosha umbo lake. Alinung'unika sana, lakini alirudi.

Siku yenyewe haikuwa na mengi. Nilitiwa matone ya ganzi, kope zikashikizwa zisifumbe, na pete ikaligandamiza jicho hata giza likaingia kwa muda mfupi. Tabaka lilipofunuliwa, taa ya kijani niliyoambiwa niikazie macho ikageuka ukungu. Kisha nikasikia mlio wa haraka haraka na harufu kama ya nywele zilizoungua. Daktari alihesabu sekunde kwa sauti, na kabla sijamaliza kuogopa alikuwa amehamia jicho la pili. Jioni macho yaliwasha kama yaliyomwagiwa maji ya kitunguu. Asubuhi yake nilisoma ubao wa herufi wa hospitali bila kioo.

Matangazo yangeishia hapo, ilhali safari haikuishia hapo. Kwa miezi minne macho yangu yalikauka, nikawa natembea na kichupa cha machozi ya dukani mfukoni mwa koti hata darasani. Usiku taa za magari zilivaa duara za mwanga kwa wiki kadhaa, nikaacha kuendesha gari baada ya magharibi. Nilikatazwa kuyafikicha macho, na mwalimu anayetumia chaki anajua ugumu wa amri hiyo. Yote haya nilikuwa nimeelezwa mapema, hivyo hayakunitia hofu.

Lililo kubwa zaidi kwetu walimu ni la umri. Baada ya miaka 40 lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na kila mtu huanza kuyasogeza maandishi mbali ili ayasome. Leza ya konea haizuii jambo hilo kamwe. Tena asiyeona mbali ana bahati ambayo hakuitambua: akizeeka huivua miwani yake na kusoma vizuri kwa macho matupu. Akisharekebishwa na leza, bahati hiyo huondoka. Leo nina miaka 46, ninaliona dirisha la darasa la mbali bila taabu, lakini siwezi kusahihisha insha hata moja bila miwani ya kusomea. Mwalimu mwenye miaka 44 ambaye jioni zake zote ni za kusahihisha madaftari ajiulize kwa makini anachobadilisha na anachokipata. Wapo wanaochagua jicho moja liachwe na upungufu kidogo kwa ajili ya kusoma, na busara ni kulijaribu kwanza kwa lenzi ya kuvaa kabla ya kulikubali kwa leza.

Jambo la mwisho husahauliwa hata na waliofanikiwa. Ugonjwa wa glakoma, ambao huua mishipa ya uoni kimyakimya, huwapata watu weusi zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu. Njia mojawapo ya kuutambua ni kupima shinikizo la ndani ya jicho, lakini konea iliyochongwa huonyesha shinikizo dogo kuliko lilivyo. Daktari asiyejua kwamba ulifanyiwa leza anaweza kukuambia u mzima, kumbe unapofuka. Vilevile mtu akipata mtoto wa jicho uzeeni, vipimo vya konea ya awali humsaidia mpasuaji kuchagua lenzi ya kupandikiza. Kwa hiyo karatasi za vipimo vyako ni mali ya kutunzwa kama hati ya shamba. Na kwa kuwa jicho lingali refu kama lilivyokuwa, retina yake bado inahitaji kukaguliwa.

Haki ya kupata maelezo haya si ya kuombwa kwa unyenyekevu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa matibabu yaliyopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, na pale inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Fomu ya kurasa sita kwa Kiingereza cha mawakili, inayotiwa sahihi mtu akiwa tayari amevaa gauni la upasuaji, haitimizi shabaha ya sheria hiyo. Maneno ya kumweleza mtu haya kwa Kiswahili yapo, nami nimeyatumia hapa.

Kwa wanafunzi wa shule za upili nina neno fupi. Leza si yenu bado. Jicho la kijana lingali linabadilika, na kabla ya miaka 18, au hata baadaye iwapo miwani inaendelea kubadilishwa nguvu, kulichonga ni kujenga juu ya mchanga. Haki yenu ya leo ni miwani. Utafiti uliofanywa katika shule za Trans Nzoia na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba walimu wakitumia simu yenye programu ya kupima macho, na wazazi wakikumbushwa kwa ujumbe, watoto wengi zaidi wenye matatizo hufika hospitalini. Shule ambayo haijawapima wanafunzi wake macho ianzie hapo, na mwanafunzi anayemcheka mwenzake kwa miwani aonywe kama anayemcheka kwa kusoma.

Nanyi walimu wenzangu mnaoweka akiba kwa ajili ya leza, nendeni, lakini nendeni na maswali manne yaliyoandikwa. Konea yangu ina unene gani? Ramani yake inasemaje? Kitabaki kiasi gani baada ya kuchongwa? Nitasomaje nikifika miaka 50? Daktari anayeyajibu yote kwa tarakimu na kwa subira, mwaminini. Anayekujibu kwa punguzo la bei, mshukuru, vaa miwani yako, kisha utafute mlango.