SISI WATOTO PIA TUAMBIWE

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Katika nyumba nyingi, mzazi akipatikana na virusi vya UKIMWI, anaitwa shangazi, anaitwa nyanya, kisha mlango unafungwa. Watoto tunaambiwa eti ni malaria tu!

Kwa maoni yangu, jambo hili halifai. Ni nani huchota maji ya kumezea dawa? Ni nani hupika uji mama akilemewa? Si ni sisi? Mtoto anayeona vidonge kila jioni atamwuliza jirani, naye jirani atamjibu apendavyo.

Wengine watasema mtoto hana kifua, atatangaza habari mpaka sokoni. Ni kweli, mtoto mdogo sana hawezi. Lakini wa sekondari akiaminiwa, siri anaiweka.

Isitoshe, habari yenyewe si ya kifo tena. Mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitangaza mwaka wa 1989 na akafariki mwaka huo huo, kwani dawa za leo hazikuwapo. Siku hizi anayemeza ARV kila siku bila kukosa huishi miaka mingi akilea wanawe.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 hulinda siri ya matokeo ya mgonjwa, kwa hivyo daktari hatatuambia. Kusema ni juu yenu, wazazi wetu. Tuketisheni, mtuambie wenyewe. Tutawakumbusha dawa, wala hatutawakimbia.