Eliya Alipewa Mkate Kwanza

 

Leo nina neno kwa wazazi. Ni neno linaloanza na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho kabla hujaniandikia.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea kijana wake wa Kidato cha Tatu. Alama zilikuwa zimeshuka. Alikuwa hazungumzi na mtu. Alikuwa amepigana bwenini mara mbili, na shule ikamtuma nyumbani kwa wiki mbili. Mama alilia pale ofisini akasema, "Pasta, huyu si mtoto niliyemzaa. Kuna kitu kimemwingia."

Niliita waombezi. Tulifunga siku tatu. Tulimwekea mikono kijana yule tukaomba mpaka sauti zikakauka. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba hiyo ni roho ya uasi, na nikaamuru iondoke. Kijana akasema "Amina", akarudi shule.

Wiki chache baadaye mama alinipigia simu. Mwalimu wa ushauri nasaha pale shuleni alikuwa amemwita. Mwalimu huyo alikaa na kijana akamuuliza swali moja rahisi: "Siku hizi unalala saa ngapi?" Kijana akanyamaza, halafu akaanza kulia. Alikuwa halali. Baba yake alipoteza kazi kwenye shamba kubwa la chai mashine za kuchuma zilipoingia, akaenda mjini kutafuta, kisha simu yake ikawa haishikwi. Kijana ndiye mzaliwa wa kwanza. Kila usiku alilala akihesabu karo ya wadogo zake. Alimwambia mwalimu kwamba haoni tena sababu ya kuendelea kuishi.

Wapendwa, mimi nilikaa na kijana huyo siku tatu. Sikumuuliza swali hata moja. Niliongea na pepo, sikuongea na mtoto.

Yeye na mama yake wameniruhusu kusimulia haya bila majina. Ninayasimulia kwa sababu najua si mimi pekee.

Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda pale Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha. Halafu Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja wa vitisho, na mtumishi wa Mungu anakimbia. Anamwacha kijana wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu amuue.

Sasa angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea, wala hakumwambia kwamba nabii hapaswi kuhuzunika. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Baada ya chakula, usingizi na mwendo wa siku arobaini, ndipo Mungu akamuuliza anafanya nini pale. Alimuuliza mara mbili, na mara zote mbili akamwacha aeleze yote yaliyo moyoni. Mwisho akampa Elisha, ili asitembee peke yake.

Kulala. Kula. Kuulizwa. Kusikilizwa. Kupewa mtu wa kutembea naye. Mungu ndiye aliyeanzisha mpango huo, si daktari wa mjini. Na ukiniuliza mwanasaikolojia wa shule anafanya kazi gani, nitakuambia anafanya kazi inayofanana sana na hiyo.

Wengine mnadhani mtu huyo ni wa wendawazimu tu, na mtoto akionekana mlangoni kwake jina limeharibika. Hapana. Kazi yake ni kutambua kilicho chini ya tabia. Mtoto anayelala darasani anaweza kuwa mvivu, anaweza kuwa na njaa, anaweza kuwa amefiwa, anaweza kuwa anatumia dawa za kulevya. Mtoto asiyeweza kusoma anaweza kuwa na akili kali lakini herufi zinamchanganya, na kila mwaka anapigiwa kelele kwa jambo asiloliweza bila msaada. Mtu aliyesomea mambo haya anajua maswali ya kuuliza. Anaongea na walimu ili wabadilishe namna wanavyomshughulikia. Anamwita mzazi amwelewe mtoto wake, wala si kumshitaki. Mtoto aliyefukuzwa kwa muda anaporudi, anamsaidia kuingia tena darasani bila aibu. Na akiona jambo limepita uwezo wake, anamtuma hospitalini mapema.

Kuna mzazi anaogopa: "Mwanangu ataenda kusema siri za nyumba yetu." Mshauri mwema hutunza siri. Lakini mtoto akisema anataka kujidhuru, au kwamba kuna mtu mzima anamdhulumu, hapo mshauri ni lazima awahusishe wanaoweza kumlinda. Kama nyumba yako ina siri inayomuua mtoto, mpendwa, siri hiyo haifai kutunzwa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu shule zetu. Kenya imezungumza habari hii tangu zamani. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishapendekeza ushauri nasaha shuleni. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku viboko. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, wavulana 67 waliungua bwenini Kyanguli, kule Machakos, katika moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Kamati iliyoongozwa na Naomy Wangai ikachunguza fujo za shule, na ushauri nasaha ukatajwa tena kuwa sehemu ya dawa. Mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia, ili kazi hii ifanywe na watu waliosomea na kusajiliwa.

Karatasi tunazo. Lakini nenda shule ya kawaida hapa kwetu umuulize huyo mwalimu wa ushauri nasaha ana muda gani. Ana vipindi vyake vya Kemia au Kiswahili kama wenzake. Ana madaftari ya kusahihisha. Labda ndiye mwalimu wa zamu wiki hii, aliyemwadhibu mtoto asubuhi, na jioni mtoto huyohuyo anatarajiwa kumfungulia moyo. Hana chumba, anaongea na watoto chini ya mti huku wengine wanapita wakicheka. Simlaumu. Wengi wao wanafanya kazi hii kwa upendo tu, na mmoja wao aliokoa kijana ambaye mimi nilishindwa kumsikia. Tuliondoa kiboko, na tulifanya vyema, lakini pale kilipokuwa hatukuweka mtu wa kutosha.

Wana wa Litein hamhitaji mfano wa mbali. Mnakumbuka Septemba 2025. Vurugu zilitokea katika shule ya wavulana ya hapa kwetu, mali ikaharibika, vijana wakapelekwa nyumbani, na wazazi wakadaiwa karibu shilingi 50,000 kwa kila mwanafunzi, mpaka jambo likafika Mahakama Kuu ya Kericho. Sitahukumu nani alikuwa na haki. Sitadai kwamba mshauri mmoja angezuia yote, maana fujo za shule zina vyanzo vingi: chakula, usimamizi, mitihani, mkumbo wa marafiki. Na kijana aliyevunja dirisha awajibike. Neema haifuti wajibu.

Lakini nauliza. Mwaka ule bonasi ya majani chai upande wetu huu ilikuwa ya kuvunja moyo. Mzazi aliyechuma mwaka mzima, akapeleka majani kituoni kwenye mvua na kwenye jua, angetoa wapi pesa hizo? Tunajua kuchanga baada ya moto. Mbona hatujui kuchanga kabla? Ni rahisi kumtafutia mtoto mtu wa kumsikiliza mwezi wa Mei kuliko kununua vitanda vipya mwezi wa Oktoba. Na vitanda hununuliwa. Watoto 67 wa Kyanguli hawakununuliwa.

Najua kuna mtumishi mwenzangu anasoma hapa na kusema, "Pasta amepoa. Sasa anaamini saikolojia kuliko Roho Mtakatifu." Ndugu yangu, sijaacha kuomba. Pepo wapo, na jina la Yesu bado lina nguvu. Lakini Luka alikuwa daktari, na Paulo alimwita mpendwa. Ukivunjika mguu ukishuka mlimani na gunia la majani, tunakuombea tukikupeleka hospitali ya hapa Litein, na hakuna anayesema umekosa imani. Kwa nini mguu upate daktari na moyo wa mtoto upate kelele tu?

Tena tuseme jingine ambalo halipendwi. Mtoto aliyeambiwa mbele ya kanisa kwamba ana pepo huondoka na mizigo miwili, ule aliokuja nao na huo tuliomwongezea. Hawezi kurudi kukuambia hajapona, kwa sababu umeshatangaza kwamba amefunguliwa. Ndivyo kijana yule alivyoniambia "Amina". Aliitikia ili nimwachilie aende.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne tu.

La kwanza, mzazi: kabla ya kukemea, uliza. "Unalala? Unakula? Nani anakusumbua? Kuna jambo unaogopa kuniambia?" Halafu unyamaze. Usijibu kwa mahubiri. Baba, hili ni lako pia, usimwachie mama peke yake. Vijana wetu wakitoka jandoni tunawaambia sasa ni wanaume, wasilie. Daudi alikuwa mwanaume na alilia mpaka nguvu zikamwishia.

La pili, mkutano wa wazazi ukiitwa, usiulize tu wastani wa alama na bei ya basi. Simama kwa heshima uulize: mwalimu wa ushauri nasaha ni nani? Amesomea? Ana vipindi vingapi? Ana chumba chenye mlango? Mtoto akizidiwa anapelekwa wapi? Mwombe mwalimu mkuu na bodi wampunguzie mwalimu huyo vipindi. Na kama shule moja haiwezi kumlipa mwanasaikolojia, shule tatu nne za jirani haziwezi kumleta mmoja azizunguke kwa wiki? Makanisa mengi ni wadhamini wa shule. Tunatuma wahubiri wikendi ya maombi. Tutume na mshauri aliyesajiliwa.

La tatu, nazungumza na watumishi wenzangu na viongozi wa vijana. Ukiletewa mtoto, sikiliza kwanza, omba naye, kisha uulize shule imeona nini. Ukisikia neno la kutaka kufa, usimwache peke yake, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo pamoja na mzazi. Usiligeuze kuwa ushuhuda wa Jumapili. Kwa miaka mingi mtu aliyejaribu kujiua katika nchi hii alihesabiwa mhalifu, na familia zikaficha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo inapingana na Katiba. Kama mahakama imeona kwamba huyu ni mtu wa kusaidiwa, kanisa lisibaki nyuma.

La nne, wewe mwanafunzi unayesoma hapa kwa simu ya mama: hujalaaniwa. Kuchoka si dhambi. Eliya alichoka, na Mungu hakumfuta kazi. Mwendee mwalimu unayemwamini. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, simu ya watoto ya hapa Kenya, ni bure. Ukifika nyumbani na watu hawakuelewi, njoo kanisani. Nakuahidi nitakuuliza na nitanyamaza.

Mnauliza yule kijana aliishia wapi. Hakupona siku moja. Mwalimu alimtuma hospitalini, akatibiwa kwa miezi. Mjomba wake alibeba karo ya wadogo. Kuna muhula alirudi nyumbani, na mama alinipigia usiku akiogopa. Lakini alimaliza Kidato cha Nne. Siku hizi anafanya kazi, na Jumapili akipata nafasi anapiga ngoma kwenye ibada. Baba yake hajarudi. Bado tunamwombea.

Mwaka jana nilimwendea kijana huyo baada ya ibada, nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo akasema, "Pasta, mliniombea vizuri. Lakini nilikuwa na njaa."

Neno hilo sijalimaliza mpaka leo. Malaika alijua. Alikuja na mkate kwanza.

Wiki hii, kabla ya kesha la Ijumaa, kaa na mwanao dakika kumi bila simu mkononi. Muulize analala saa ngapi. Kisha mtumie ujumbe huu mzazi mwenzako ambaye mwanawe ametumwa nyumbani. Yuko karibu nawe, unamjua.

Tuombe: Baba, tupe masikio kabla ya kutupa sauti. Walinde watoto wetu mabwenini usiku huu. Wape nguvu walimu wanaowasikiliza. Mrudishe kila baba aliyepotea njiani. Katika jina la Yesu.

Amina.