Kinyaa Si Kipimo cha Maji

Aprili 2014, usiku, kijana wa miaka 19 alisimama kando ya uzio wa bwawa la kuhifadhia maji la Mount Tabor, mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani, akakojoa kupitia vyuma vya uzio huo. Kamera ikamnasa. Muda si muda idara ya maji ya jiji ikatangaza kwamba itamwaga galoni milioni 38, yaani takriban lita milioni 143 za maji yaliyokwisha kutibiwa, tayari kwa kunywa. Kwa mkojo wa mtu mmoja! Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2011 kijana mwingine alifanya vilevile kwenye bwawa la mlima huohuo, na galoni zipatazo milioni 8 zikamwagwa kweli.

Watu waliposikia habari hiyo waligawanyika makundi matatu. Nataka kugombana na yote matatu, kwa sababu yako huku kwetu pia, na mjadala wetu wa maji hauendi mbele kwa ajili yao.

Kundi la kwanza ni la wenye kinyaa. Hoja yao ni swali moja tu: wewe ungekunywa? Mkuu wa idara ya maji alijitetea kwa njia hiyohiyo: wateja hawataki kunywa mkojo, basi. Haya, tupige hesabu. Tuseme kijana alimwaga nusu lita nzima ndani ya bwawa, hakuna hata tone lililoangukia ukutani. Nusu lita ni kama matone 10,000. Yagawe kwa lita milioni 143. Unapata tone moja kwa kila lita 14,000 za maji. Lile tangi jeusi la lita 10,000 unaloliona juu ya ghorofa lisingepata hata tone moja kamili. Mkojo wenyewe kwa sehemu kubwa ni maji, chumvi na urea. Najua mtu wa Kwale ataniuliza, na kichocho je? Swali zuri. Lakini kichocho kinahitaji mayai ya mnyoo, kinahitaji konokono wa kuyalea, na humpata mtu kupitia ngozi anapooga au kufua mtoni. Hakizaliani katika bwawa la saruji lenye maji yaliyotiwa dawa, wala konokono hao hawapo Oregon.

Wenye kinyaa wana hoja moja ya nguvu, na ni haki kuitaja. Maji ya Mount Tabor yalikuwa yamemaliza safari yote ya kutibiwa. Kutoka bwawani yalikwenda moja kwa moja kwenye mabomba ya watu. Hakukuwa na chujio jingine mbele. Kweli kabisa. Lakini hiyo ni hoja ya kufunika bwawa, si ya kumwaga maji. Bwawa lilikuwa wazi, chini ya anga, miaka na miaka. Ndege walikuwa wakijisaidia humo kila siku, na idara yenyewe ilikiri kwamba wanyama waliokufa hupatikana ndani. Hawakumwaga kwa sababu ya bata. Bata hana jina, na hanaswi kwenye kamera akifungua suruali. Kilichowatisha ni aibu ya video, wakaivika joho la afya.

Na tazama yaliyofuata. Vipimo vilionyesha maji hayo hayana neno, na jiji likaamua kuyahamishia bwawa la jirani lililokuwa tupu badala ya kuyamwaga yote. Halafu Mei 23, 2014, mwezi mmoja na siku chache baada ya mkojo, vipimo vya kawaida vikakuta bakteria wa E. coli, dalili ya kinyesi, katika baadhi ya sampuli, zikiwemo za mabwawa ya Mount Tabor. Watu wapatao 670,000 wakaambiwa wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Safari hii hapakuwa na kijana wala video, palikuwa na fundi wa maabara na chupa ya sampuli. Hatari yenyewe ilipokuja haikumtia mtu kinyaa. Ilikuja kimya, haina rangi wala harufu, na aliyeiona ni yule mwenye kipimo.

Kundi la pili ni la wenye kejeli. Hawa walikuwa na hoja sahihi, wakaishia kucheka. Walihesabu bata, wakahesabu samaki, wakauliza ati samaki huenda choo gani. Mzaha mtamu, nami nilicheka. Lakini mzaha hauzibi bomba. Mtu akishacheka huona amemaliza kazi, na mwenye ofisi hupenda sana raia anayecheka, kwa sababu haulizi risiti.

Kundi la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, nalo ni la wenye huruma. "Wanamwaga maji na kuna watoto Afrika wanakufa kwa kiu!" Jamani. Maji ya Portland hutoka msitu wa Bull Run, kwa mvua na theluji ya kwao. Yasingemwagwa yangenywewa Portland. Yasingefika Lodwar hata kwa ndege. Mtoto wa Afrika katika sentensi hiyo ni fimbo tu ya kuwachapia wazungu wenzao. Hana jina, hana kaunti, hana kampuni ya maji inayomdai bili wala mwakilishi wa wadi wa kumpigia kura. Na ubaya wake ni kwamba sisi wenyewe tumeipokea fimbo hiyo. Tunapenda kusema "wenzetu wanamwaga sisi hatuna", kana kwamba kiu yetu ilipangwa Oregon.

Nyani haoni kundule. Chukua takwimu za hapa nyumbani. Kwa miaka mingi mitambo ya Nairobi imekuwa ikizalisha takriban mita za ujazo 525,000 za maji kwa siku, mengi kutoka bwawa la Ndakaini. Ripoti za mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni zetu nchini hayaingizi hata shilingi: hupotea kabla ya kufika kwenye bili. Mdhibiti huyohuyo anasema yasizidi asilimia 25. Sasa ziweke hizo mbili pamoja. Asilimia 40 ya 525,000 ni mita za ujazo 210,000. Maji yote ya bwawa lile la Portland yalikuwa mita za ujazo 143,000 na kitu. Yaani kwa kiwango hicho Nairobi inapoteza kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo, maji kuliko yale yaliyoichekesha dunia nzima mara moja.

Si yote yanayomwagika ardhini, na ni lazima tuseme hivyo. Mengine huvuja kwenye mabomba yaliyochoka. Mengine huibwa kwa bomba la pembeni, yakauzwa kwa lori au kwa mtungi wa lita 20 kwa mwananchi yuleyule aliyekatiwa. Mengine hunywewa kihalali ila mita ni mbovu au bili haikuandikwa. Lakini mama wa Mukuru anayenunua mtungi hana haja ya mgawanyo huo. Yeye anajua mfereji umekauka tangu Jumanne na kijana wa mkokoteni amepandisha bei.

Mbona hili halituchomi? Kwa sababu halina kinyaa. Bomba likipasuka barabarani tunalirukia kiatu kisilowe, tunasonga. Watoto wanaogelea hapo, mwenye kuosha magari anachota, wiki inapita. Lakini mjusi akionekana ndani ya tangi la ploti, ngoja uone. Wapangaji wanapanda juu, picha zinarushwa kwenye kikundi cha simu, mlinzi anaitwa, na maji yote yanafunguliwa yatiririke hadi kwenye mtaro, katikati ya mgao. Mjusi akitolewa, klorini ikatiwa kwa kipimo, maji ya kunywa yakachemshwa, maji hayo yangetumika. Tangi lisuguliwe maji yakiisha, na kifuniko kirudishwe mahali pake siku hiyohiyo. Badala yake tunamwaga, tunafurahi, na kifuniko kinabaki kimevunjika vilevile. Mjusi wa pili yuko njiani.

Na kuna jambo baya kuliko hasara. Mgao wenyewe huchafua maji. Bomba likiwa limejaa na lina presha, ufa wake hutoa maji nje. Bomba likiwa tupu, ufa uleule hunyonya yaliyo nje kuingia ndani. Katika mitaa ambako bomba la maji limelazwa kando ya mtaro wa maji taka, au limepita ndani yake kabisa, fikiria ni nini kinachonyonywa. Kwa hiyo uvujaji na uchafu si mambo mawili. Tundu ni lilelile. Anayetulia bomba linapovuja Jumatatu anajiwekea kuhara Ijumaa. Kipindupindu kilichoanza nchini Oktoba 2022 kiliwapata watu zaidi ya 12,000, wapatao 200 wakafa. Hakuna aliyenaswa kwenye kamera akikojoa. Hatari ilipita palipo na ufa, palipokosa choo, palipokosa dawa.

Mtu ataniambia: wewe unatetea mkojo kwenye maji. Hapana, bwana. Ninatetea kipimo. Mji wa Windhoek, Namibia, umekuwa ukisafisha maji taka yake na kuyarudisha kwenye mfereji wa kunywa tangu mwaka 1968. Si fununu. Ni mji mkuu wa Kiafrika, uko kwenye ukame, na uliamua kwamba maji hupimwa kwa yaliyomo sasa, si kwa yalikotoka. Yanachujwa hatua kwa hatua, yanapimwa kila mara, na yakikosa kiwango hayaendi kwa watu. Sasa linganisha na Toowoomba, Australia. Mwaka 2006, wakiwa ndani ya ukame mkali, wakaazi walipigia kura mpango wa kuongeza maji taka yaliyosafishwa kwenye maji yao. Zaidi ya asilimia 60 wakakataa. Miji miwili, kiu moja. Mmoja uliongozwa na maabara, mwingine uliongozwa na pua.

Sisemi kinyaa ni ujinga. Kinyaa kimewalinda babu zetu kabla ya hadubini kuwepo, na bado kinatulinda na mzoga kisimani. Lakini ni mlinzi wa zamani, anamjua mwizi mmoja tu. Hawezi kuona E. coli kwenye glasi inayong'aa. Ndiyo maana mtu anakataa maji ya mfereji kwa sababu yana harufu ya klorini, na hiyo ndiyo dawa, kisha ananunua ya chupa isiyojulikana ilikojazwa kwa sababu yanameremeta.

Na je, raia afanye nini akiambiwa "maji ni salama" na ofisi ambayo ameacha kuiamini zamani? Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Watu humwaga kwa sababu hawana cha kushika isipokuwa macho na pua. Kampuni za maji hupima, sheria inazitaka zipime klorini na bakteria. Matokeo hayo yako wapi? Mbona bili inanifikia kwenye simu kila mwezi bila kukosea namba, lakini kipimo cha maji ya mtaa wangu hakinifikii? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki ya maji salama bila haki ya kuona kipimo ni ahadi ya mganga.

Basi madai ni haya, na hayahitaji mfadhili. Moja, kila bili ije na matokeo ya vipimo vya mtaa husika: klorini iliyobaki, bakteria, tarehe ya sampuli. Pili, kila kaunti itangaze kila mwezi ni kiasi gani kilizalishwa na kiasi gani kilipotea, na kwa njia gani, kuvuja au kuibwa. Tatu, bomba lililoripotiwa likikaa siku tatu bila kuzibwa, jina la ofisa mhusika liwekwe hadharani kama walivyowekwa hadharani vijana wa Portland kwa nusu lita. Portland wenyewe hatimaye walifanya la maana: mwisho wa mwaka 2015 mabwawa ya wazi ya Mount Tabor yaliondolewa kabisa kwenye mtandao wa maji ya kunywa. Hawakuishia kumwaga. Waliondoa tundu.

Sisi ufa wetu uko pale barabarani, unatiririka hata unaposoma haya. Lipige picha bomba hilo kama ulivyompiga mjusi, uirushe kwenye kikundi, kisha upige simu kwa kampuni ya maji na uombe namba ya ripoti. Kesho yake piga tena.